Utangulizi: Mtoto na Dodoso

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, dereva wa lori aliyelala Tunduma akisubiri kuvuka kwenda Zambia alistahili kuhesabiwa hapo hapo Tunduma, hata kama mkewe na wanawe walikuwa Dar es Salaam. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala. Kuna watu walioketi wakaamua iwe hivyo, na kila takwimu ina uamuzi wa namna hiyo ndani yake. Nawaalika walimu wa shule za msingi wawaingize watoto katika kazi hii ya kuunda takwimu mapema, kabla hawajazoea kuipokea namba kama amri.

Takwimu kwa picha zimo tayari katika somo la Hisabati. Ila mara nyingi data huja zimekwisha andaliwa kitabuni. Mtoto anachora, anapata vema, na hajamwuliza mtu yeyote chochote.

Chukua shule iliyopo Nanyala, wilayani Mbozi, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Darasa linataka kujua wanafunzi wanafikaje shuleni. Huenda swali la kwanza kupendekezwa likawa, "Je, unakaa mbali?" Mwalimu asilikatae, liulizwe. Aliyezoea kutembea saa nzima atajibu hapana, na anayekaa karibu atajibu ndiyo. Hapo watalisuka upya wenyewe: unakuja kwa miguu, kwa baiskeli au kwa bodaboda? Na anayetembea hadi barabarani kisha akapanda gari, aingie safu ipi? Waache wabishane. Ubishi huo ndio somo lenyewe, na mimi ningeupa kipindi kizima, jedwali likasubiri siku nyingine.

Kisha waulizwe: ni nani ambaye hatujamfikia? Dodoso likijazwa darasani, aliyebaki nyumbani kusaidia kuchuma kahawa hayumo, na pengine yeye ndiye mwenye safari ndefu kuliko wote. Ndiyo sababu tathmini ya Uwezo, iliyoanza kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda zaidi ya miaka kumi iliyopita, iliwafuata watoto majumbani. Ukipimia shuleni tu, wasioenda shule wanatoweka kwenye majibu.

Kumfuata mtu nyumbani kunahitaji adabu, nayo ni sehemu ya elimu hii. Mtoto aamkie kwanza, "Shikamoo bibi". Aeleze anachotafuta na majibu yatatumikaje. Akikataliwa, ashukuru aondoke. Bibi aliyezoea Kinyiha aulizwe kwa Kinyiha. Majina yasiandikwe. Swali kama "Jana usiku mlikula nini?" laonekana jepesi, lakini katika nyumba iliyolala njaa linaumiza, na mtoto aliyetumwa na mwalimu hana haki ya kuumiza.

Uchambuzi nao haungoji kompyuta. Vijiti vinne na cha tano kikivikata, hesabu ya kila safu, kisha swali: kwa nini iko hivi? Watoto wa darasa la tano au la sita wanaweza kwenda mbali zaidi na kuzisoma takwimu za taifa. Sensa ya 2012 iliupa Mkoa wa Mbeya watu 2,707,410. Ile ya 2022 iliupa 2,343,754. Mwanafunzi wa Nanyala atashtuka: zaidi ya watu laki tatu na nusu wamekwenda wapi? Jibu ni kwamba yeye mwenyewe ni mmoja wa "waliopungua". Mwaka 2016 Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na Tunduma zilimegwa kutoka Mbeya zikawa Mkoa wa Songwe, ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 1,344,687. Watu waliongezeka, mpaka ndio uliohama. Mpe mtoto namba za Mbeya kwanza, mwache ahangaike nazo, aulize nyumbani na aangalie ramani ya zamani, kabla hujamtajia mwaka 2016.