Kimo cha farasi hakipimwi kichwani

Sisi wa Pwani twamjua punda kuliko farasi. Ndiyo maana tangu nianze shughuli zangu baina ya Kitale na Bungoma, jamaa zangu wa Lamu huniuliza kwa simu: farasi wa bara wana urefu gani? Jibu lategemea umempima wapi.

Kichwa hakihesabiwi. Farasi huinua shingo akishtuka na kuishusha akila, basi ukimpima utosini utapata vipimo vitatu kwa saa moja. Hupimwa kwenye kigongo kilicho juu ya mabega, pale shingo inapokutana na mgongo. Asimame kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, miguu ya mbele wima, shingo imelegea. Fimbo ya kupimia husimamishwa ubavuni mwake na kipande chake cha kulala huteremshwa hadi kiguse kigongo. Fimbo nzuri ina pimamaji kama la fundi mwashi, maana kipande hicho kikiinama kidogo tu, kipimo kimeharibika.

Waingereza huhesabu kimo hicho kwa upana wa kiganja, uliowekwa kuwa inchi 4, yaani sentimita 10.16. Kwa mtu aliyelelewa na wanda, shibiri na dhiraa, hilo si geni. Utata uko kwenye nukta. Ukiona 14.2, usisome kama hesabu za shuleni: ni viganja 14 na inchi 2. Baada ya 14.3 huja 15.

Hiyo 14.2 ndiyo mpaka wa farasi na poni. Katika mashindano ya kimataifa mpaka ni sentimita 148 bila viatu vya chuma, au 149 akiwa navyo. Ugomvi mwingi huzaliwa hapo, kwani mnyama akizidi kidogo tu hatoki tena na poni wenzake. Kimo pekee hata hivyo hakitoshi: farasi wa Kiarabu, hata akiwa chini ya mpaka huo, wafugaji humwita farasi tu. Nami nakubaliana nao.

Walowezi Wazungu ndio waliokuja na farasi Trans Nzoia. Leo, ukishika njia ya Kitale kwenda Webuye hadi Bungoma, anayevuta mkokoteni wa mahindi na mitungi ya maji ni punda. Na kwake yeye kimo ni suala la afya. Dawa ya minyoo hutolewa kwa kilo, na mizani ya kumsimamisha punda ni nadra kuiona. Wengi hukisia kwa macho. Ukikisia pungufu, minyoo isiyokufa hubaki ikizaana na dawa huzidi kupoteza nguvu. Ukikisia kupita kiasi, wampa mnyama dawa asiyoihitaji, na pesa yako yaenda bure.

Utepe wa kukadiria uzito wa farasi hudanganya kwa punda, kwa sababu maumbile yao hayafanani. Shirika la Donkey Sanctuary, lililo na kituo Lamu tangu 1987, hutumia jedwali la vipimo viwili: kimo cha kigongoni, na mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele. Punda mzima mwenye kimo cha sentimita 104 na kifua cha 110 hukadiriwa karibu kilo 140. Kifua ndicho chenye uzito mkubwa katika hesabu hiyo, kwa hivyo utepe usiulegeze wala kuukaza hadi ukazama kwenye manyoya.

Fimbo si lazima ununue. Ufito ulionyooka uliotiwa alama za sentimita, kibao kilicholazwa juu ya kigongo na pimamaji la kuazima kwa fundi vyatosha. Punda aliye chini ya miaka miwili hukadiriwa kwa kifua peke yake.