Mama Aliyevunjika Mbele ya Kamera

Mwezi Januari mwaka 1976 ulianza kuonyeshwa huko Marekani mchezo wa televisheni ulioitwa Mary Hartman, Mary Hartman. Mashirika makubwa yalikuwa yameukataa, hivyo mtayarishaji wake, Norman Lear, akauuza kwa kituo kimoja kimoja. Hadi ulipokoma mwaka 1977, ulikuwa umefikia sehemu 325.

Mary, aliyeigizwa na Louise Lasser, ni mama wa nyumbani katika mji wa kubuni wa Fernwood, jimbo la Ohio. Mumewe anafanya kazi kiwandani. Siku ya kwanza tu, jirani zao wanauawa, familia nzima pamoja na mbuzi na kuku wao. Lakini Mary anahangaika na nta iliyoganda manjano kwenye sakafu ya jiko lake.

Watazamaji walicheka. Je, walijiuliza kwa nini sakafu? Matangazo ya biashara yalikuwa yamemfundisha kwamba nyumba inayong'aa ndiyo yenye furaha. Sakafu aliweza kuisugua. Ndoa iliyopoa na binti aliyetekwa na muuaji havikuwa na dawa dukani.

Mwisho wa msimu wa kwanza, Mary anaalikwa kwenye kipindi cha David Susskind kama mfano wa mama wa nyumbani wa Kimarekani. Wataalamu wanamwuliza swali juu ya swali, na hapo hapo, mbele ya kamera, anachanganyikiwa. Anapelekwa wodi ya wagonjwa wa akili. Wa kumwuliza walikuwa wengi. Wa kumsikiliza hakuwapo.

Baadaye alipata nafuu, akarudi nyumbani. Hatimaye akamwacha mumewe, akaenda kuishi na mwanamume mwingine. Sehemu ya mwisho inamkuta jikoni, akihangaika tena na nta ile ya manjano.

Hapo pana fundisho. Mama akitoka hospitali tunashangilia kwamba amepona, kisha tunamtwika mzigo ule ule, peke yake. Daktari na dawa vina kazi yake. Nasi nyumbani tuna yetu: kumpunguzia mzigo, na kuona mapema anapokosa usingizi, anapoacha kula, au anaposugua sakafu iliyokwisha kutakata.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi tumwulize anayekilalia, na akianza kujibu, tusimkatize.