Miaka Miwili ya Watu wa Pwani

Wazee wa Tanga, Pangani na Mtang'ata walikuwa na miaka miwili. Mmoja ni wa mwezi, ambao kwa huo twafunga, twahiji na twatoa zaka. Wa pili ni wa jua, ulioanza Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi. Nao ulikuwa na siku 365, zikagawanywa miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki siku tano. Kwa miongo hiyo nahodha alijua lini kusi itachafuka, na mkulima alijua lini aweke jembe tayari. Vijana wetu wengi leo hawaujui hata mmoja katika miaka hiyo, ila ile kalenda iliyotundikwa ukutani. Basi twaona yafaa kueleza asili yake, kwani yote miwili ilipata sura yake katika zama moja.

Waarabu wa Ujahiliya walihesabu kwa mwezi, lakini waliuchezea. Miezi mitukufu ni minne: mfunguo pili, mfunguo tatu, mfunguo nne na Rajabu, na ndani yake vita vilikatazwa. Miezi mitatu mfululizo iliwalemea watu walioishi kwa kuvamiana. Kwa hiyo watu wa Kinana walikuwa wakisimama msimu wa Hija na kutangaza kuwa utukufu wa mfunguo nne umesogezwa hadi mfunguo tano! Ndiyo nasii, ambayo Qur'ani Tukufu imeikemea katika Sura ya Tawba, aya ya 37. Katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra (632), Mtume wetu (S.A.W.) akatangaza kwamba zama zimerejea katika mpango wake wa asili, na mila ile ikafa. Kuhesabu miaka tangu Hijra kulikuja baadaye, mwaka wa 17 (638), Abu Musa al-Ash'ari, liwali wa Basra, alipomwarifu Sayyidna Umar kuwa barua zake zamfikia hazina tarehe.

Mwaka ule ule wa 632, Yazdigird wa tatu aliketi katika kiti cha ufalme wa Uajemi. Waajemi walianza hesabu upya kwa kila mfalme; naye, alipouawa mwaka 651, hakufuatwa na mfalme mwingine wa ukoo wa Sasani, hivyo hesabu yake ikaendelea tu. Ilikuwa na miezi 12 ya siku 30 na siku tano za nyongeza. Nairuzi yetu ni ya namna hiyo, na jina lenyewe ni la Kiajemi, maana yake siku mpya. Kwa kuwa robo ya siku haihesabiwi, hurudi nyuma siku moja kila miaka minne, yaani siku 25 kwa karne.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika kitabu cha desturi za watu wa Mrima kilichochapwa mwaka 1903, ameitaja Siku ya Mwaka. Pwani watu waliamkia kuoga baharini, wakazima moto wa zamani na kuwasha mpya. Je, yafaa? Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo, akawaambia Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa Idi mbili, basi Nairuzi si idi yetu. Kuchinjia mizimu ni shirki, hapana mjadala. Lakini kuhesabu miongo ni elimu kama dira ya chombo, na mzee anayekwenda kuoga asubuhi hatumgombezi.

Linalotutia hofu zaidi ni zaka. Mfanyabiashara afungaye hesabu yake kila Desemba hutoa zaka kwa mwaka wa jua, na mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11. Katika miaka 33 ya Desemba imekwisha pita 34 ya Hijra. Maskini wamedhulumiwa zaka ya mwaka mzima, na mwenyewe hana habari. Vivyo hivyo mjane: eda yake ni miezi minne na siku kumi za mwezi, si za kalenda ya ofisini. Mwenye mali na aandike kwa tarehe ya Hijra siku mali yake ilipofikia nisabu. Siku hiyo ikirejea mwaka wa pili, iwe ya mfunguo sita au ya Rajabu, ndiyo siku ya kutoa.