Hasara isiyoandikwa kwenye daftari la mashine

Mwaka 2011, nikiwa mwanafunzi wa uchumi kilimo mjini Morogoro, mjomba wangu aliniomba nimkagulie daftari la mashine yake ya kusaga nafaka. Kila mwezi daftari lilionyesha faida, lakini mwenyewe alikuwa anakopa ili anunue vipuri. Nilipomhoji ndipo akanieleza kwamba miezi minne iliyopita kijana aliyekuwa akimsaidia alinyoosha mkono kuondoa pumba karibu na mkanda, mota ikiwa inazunguka. Mkanda ulinasa mkono wa shati, na puli ikachukua vidole viwili.

Tulikaa tukahesabu gharama kwa magunia ya mahindi, maana mkulima huelewa gunia haraka kuliko shilingi. Kulikuwa na gari la kukodi usiku, matibabu, posho kwa familia ya kijana, siku 11 za kufunga mashine, na wateja waliohamia kwa jirani wasirudi. Jumla ilifika magunia 19. Wavu wa chuma wa kufunika mkanda, ambao fundi wa kuchomelea aliutengeneza baada ya ajali, ulimgharimu magunia mawili. Vidole vya kijana hatukuviandikia bei.

Tukio kama hilo tumezoea kuliita bahati mbaya. Lakini mkanda ule ulikuwa wazi tangu siku mashine ilipofungwa, na kila mteja aliyesimama mlangoni aliuona.

Kuitafuta hatari kabla haijatokea

Kazi hii haihitaji mtaalamu kutoka mjini. Chukua kazi moja tu, mathalani kusaga gunia moja, uigawe hatua kwa hatua: kushusha gunia, kulibeba, kumimina mahindi, kuwasha mota, kuzibua yanapokwama, kufagia. Kwa kila hatua jiulize ni kitu gani kinaweza kumuumiza anayeifanya, au mama anayesubiri unga huku mtoto akicheza kando. Kisha waulize wafanyakazi ni wapi waliwahi kuponea chupuchupu. Watakutajia mambo ambayo wewe mwenye mashine huyajui, mradi wasiogope kufukuzwa.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kukimbilia kununua glavu. Vifaa vya kinga ni ngao ya mwisho. Kwanza tazama kama hatari yenyewe inaweza kuondolewa, au kazi ikafanywa kwa njia nyingine, au kizuizi kikawekwa kati yake na mtu. Karibu na mkanda unaozunguka, glavu hunaswa na kuvuta mkono ndani. Dawa yake ni wavu, na amri moja isiyo na mjadala: hakuna kuzibua wala kufagia kabla ya kuzima mota na kukata umeme kwenye swichi kuu.

Vidonge ghalani

Mkanda angalau unaonekana. Kinachonitisha zaidi ni vidonge vya fosfaidi ya alumini, ambavyo wafanyabiashara wengi wa mahindi huvitumia dhidi ya dumuzi na fukusi. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua wadudu. Kidonge cha gramu 3 hutoa takriban gramu 1 ya gesi. Mapafu ya mlinzi aliyelala juu ya magunia hayana kinga dhidi yake.

Nimeingia kwenye maghala ambayo mlinzi, au mwenye mali mwenyewe, hulala humo kwa kuogopa wezi. Wengine hutenganisha ghala na chumba cha kulala kwa ukuta usiofika darini. Gesi hupita kwenye nyufa na chini ya milango. Huanza na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kubanwa kifua, dalili ambazo ni rahisi kuzidhania malaria. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa mwilini. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua na kuutegemeza moyo wake. Harufu, inayofanana na kitunguu saumu au samaki aliyeoza, si kipimo cha kutegemea, kwa kuwa huenda usiisikie na gesi ikawa ipo.

Njia iliyo bora kwa mwenye magunia machache ni kuachana na vidonge kabisa. Mifuko isiyopitisha hewa, inayojulikana kwa wengi kama mifuko ya kinga njaa, huwaua wadudu kwa kuwanyima hewa. Mahindi yawe yamekauka hadi unyevu usiozidi asilimia 13, na mifuko ya ndani isitobolewe. Bei yake ni kubwa kuliko ya gunia la kawaida, ila mfuko uliotunzwa hutumika zaidi ya msimu mmoja.

Mwenye shehena kubwa asiyeweza kukwepa kufukiza aite mtu mwenye kibali cha kazi hiyo. Asilale mtu ndani wala chumba cha jirani. Kopo lisifunguliwe ndani ya ghala wala kwa mikono yenye maji, na mabaki ya vidonge yasimwagiwe maji ovyo, kwani yanaweza kuwaka. Tangazo liwekwe mlangoni, na ghala lipitishwe hewa ya kutosha kabla mtu hajaingia kupakia.

Gunia na mgongo

Lumbesa imepigwa vita miaka mingi kwa sababu humwibia mkulima, na ni marufuku. Mgongo wa anayelibeba hutajwa mara chache. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataka mzigo unaobebwa na mwanamume mmoja ukizidi kilo 55, hatua zichukuliwe kuupunguza. Gunia letu la kawaida ni kilo 100, hata kabla ya kuongezewa kilemba.

Toroli na mbao pana ya kupandia lori husaidia sana. Kufungasha kilo 50 husaidia zaidi, lakini hapo huzuka ubishi wa malipo, kwa kuwa vibarua hulipwa kwa gunia. Wenye mali hutaka kulipa nusu. Vibarua hutaka zaidi ya nusu, na kwa hesabu yangu wana haki: safari za kupanda lorini zimekuwa mbili badala ya moja.