Kuosha Tumbo: Ni Nani Hafai Kuoshwa?

Homa ikimjia mtu Wema ikiandamana na matapishi ya manjano, mara nyingi ugonjwa hupewa jina kabla ya kupimwa: nyongo. Dawa yake nayo inajulikana. Majani ya mwarobaini hupondwa au mizizi huchemshwa, mgonjwa hunywa kikombe kizima kichungu, kisha hutapika na kuendesha mpaka abaki kutoa maji matupu. Akilala kwa uchovu, watu wa nyumbani hushusha pumzi. Nyongo imetoka.

Katika toleo hili tunaeleza tiba za kusafisha mwili, yaani zile za kutapisha, kuharisha, kutoa jasho na kutoa damu. Hatuandiki kwa kejeli. Mimi mwenyewe nililelewa na nyanya aliyetupanga foleni kila shule zilipofungwa, chumvi ya haluli mkononi, na siku hiyo hakuna mjukuu aliyethubutu kwenda mbali na choo. Tulipona, na tulicheka. Lakini wapo watu ambao dawa hizo hizo zinaweza kuwafikisha hospitalini wakiwa hawajitambui, na ni kwa ajili yao makala haya yameandikwa.

Elimu ya India na nyongo yetu

Wakenya wengi walilisikia neno Ayurveda kupitia kwa marehemu Raila Odinga. Aliwahi kueleza hadharani jinsi bintiye alivyosaidiwa macho katika hospitali ya Ayurveda mjini Koothattukulam, jimbo la Kerala, kusini mwa India. Ni katika mji huo huo alikofariki Oktoba 15, 2025, baada ya kuzimia akifanya matembezi ya asubuhi, alipokuwa amekwenda kwa matibabu. Jina hilo sasa lina mvuto, na jina lenye mvuto halikosi kubandikwa kwenye chupa ya kuuzwa.

Ayurveda ni elimu ya tiba ya India yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Vitabu vyake viwili vikuu vya kale ni Charaka Samhita na Sushruta Samhita. Humo mwili wa binadamu huelezwa kuwa unaendeshwa na nguvu tatu: vata, ambayo ni kama upepo, pitta, ambayo ni kama nyongo, na kapha, ambayo ni kama kohozi. Moja ikizidi, mtu huugua. Ndipo zikaja tiba za kusafisha zinazoitwa panchakarma, maana yake matendo matano: kutapisha, kuharisha, kuingiza dawa ya maji kwa njia ya haja kubwa, kutia dawa puani, na kutoa damu, wakati mwingine kwa kutumia ruba. Kuharisha hasa ndiyo tiba ya pitta.

Msomaji wa Tana Delta hapo atakuwa ameshatambua kitu. Kutoa nyongo kwa kuendesha si jambo la vijiji vyetu peke yetu. Pwani ya Waswahili ilipokea fikra kama hiyo pia kupitia kwa waganga wa Kiarabu, walioirithi kutoka kwa Wayunani wa kale: kwamba ndani ya mwili mna damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Neno letu safura linatokana na Kiarabu cha nyongo hiyo ya manjano. Kupiga chuku ni ndugu wa kutoa damu kwa Wahindi. Hata mwarobaini, mti tunaouona kama wetu tangu mwanzo, asili yake ni Bara Hindi.

Kilichoachwa njiani

Tiba hizi zilisafiri, lakini hazikusafiri nzima. Katika Ayurveda mgonjwa haanzi kwa kuharishwa. Kwanza hupewa mafuta au samli kwa siku kadhaa na kukandwa, kisha hutolewa jasho kwa mvuke. Baada ya kuharishwa hulishwa uji mwepesi na kurudishwa kwenye chakula chake pole pole. Wakati wote huo yuko mtu wa kumwangalia. Na juu ya yote, vitabu vile vinataja watu wasiofaa kupewa dawa kali ya kuharisha: watoto wadogo, wazee waliodhoofika, wajawazito, na wale ambao tayari miili yao imeishiwa nguvu.

Kinachouzwa katika chupa za soda kwenye vituo vya magari ni kuharisha kutupu. Orodha ya wasiofaa haikubandikwa.

Dawa zenyewe si maji ya bure, nazo zina nguvu ya kweli. Sanamaki husukuma utumbo mpana ujikaze, na kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12; imo hata katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO, kwa wagonjwa waliofunga choo. Mafuta ya mbarika hufanya kazi haraka zaidi, katika utumbo mdogo. (Mbegu yenyewe ya mbarika ina sumu kali na haifai kutafunwa.) Utomvu wa manjano wa mshubiri huchoma utumbo. Chumvi ya haluli huvuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza tumboni, na kwa mtu mwenye figo mbovu madini yake hujikusanya kwenye damu na kuweza kusimamisha pumzi. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyefunga choo, dozi moja ya kiasi huenda isimdhuru. Ila kusema kwamba inaosha sumu za mwili wote ni kuipa sifa isiyo yake. Kazi hiyo hufanywa na ini na figo, na figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kila siku bila kusubiri likizo za shule.

Matapishi ya manjano

Turudi kwa mgonjwa wetu wa Wema. Mtu yeyote anayetapika tumbo likiwa tupu hutoa nyongo, kwa sababu hakuna kingine cha kutoa. Nyongo hiyo ni ya kawaida, hutengenezwa na ini ili kusaga mafuta ya chakula. Kwa hiyo manjano si jina la ugonjwa. Na katika eneo letu la mto, mabwawa na mashamba ya mpunga, homa ya aina hiyo inaweza kuwa malaria. Vijidudu vya malaria huishi ndani ya ini na chembe za damu, si tumboni, hivyo mgonjwa anaweza kuendeshwa mpaka asubuhi na visipungue hata kimoja. Anachopoteza ni maji, chumvi na saa. Malaria kali kwa mtoto mchanga inaweza kuua ndani ya siku moja au mbili. Kipimo cha tone la damu hutoa jibu kwa takriban dakika 20.

Mtoto ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa kuwa mwili wake mdogo huishiwa maji haraka. Dalili ni macho yaliyodidimia, kulia bila machozi, mdomo mkavu, utosi wa mtoto mchanga kuzama, na ngozi ya tumbo ikivutwa inakawia kurudi. Mtoto wa hali hiyo akipewa dawa ya kuharisha, anaongezewa ugonjwa alio nao. Mafuta ya mwarobaini yasiingie kabisa kinywani mwa mtoto: huko Malaysia, miaka ya 1980, watoto wachanga walionyweshwa mafuta hayo walipata degedege na kupoteza fahamu, na wengine wakafa. Na kwa miezi 6 ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee. Hakuna tumbo la kichanga linalohitaji kuoshwa.

Kwa mjamzito, mbarika na mshubiri vinaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Anayetumia dawa za kila siku, ziwe za moyo, kisukari, virusi vya Ukimwi au kupanga uzazi, ajue kwamba kuharisha kunaweza kutoa tembe kabla hazijaingia mwilini.

Jambo jingine ni dawa za unga na tembe zinazoagizwa kutoka nje. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutengenezwa kwa kuchanganya madini kwa makusudi. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walichunguza dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kupitia intaneti, wakakuta karibu moja kati ya kila tano ina risasi, zebaki au aseniki. Metali hizo hudhuru ubongo na figo, na haziondoki kwa kuendesha.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba asilia na tiba mbadala, na inataka kuwe na utaratibu wa waganga kuwapeleka wagonjwa katika vituo vya afya. Kwa hiyo mganga anayemwambia mzazi "huyu mpeleke zahanati" hajashindwa kazi yake. Anaifanya. Na wapo wazee katika vijiji vyetu wanaojua hivyo bila kusomewa sheria.

Ikiwa mtu tayari amekunywa dawa na anaendelea kuharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS, kidogo kidogo na mara nyingi. Kama hakuna pakiti, tumia lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa kijiko kisichofurika. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Mjulishe mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako mapema, hasa msimu wa mafuriko, barabara zinapokatika na safari ya Garsen au Ngao kutegemea mtumbwi. Mgonjwa asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye damu kwenye choo, degedege au usingizi usio wa kawaida asingoje asubuhi.

Na ukifika kituoni, usifiche. Wazazi wengi huogopa kufokewa, wakasema mtoto hajanywa kitu. Muuguzi hawezi kukisia ni mbarika au mshubiri. Beba chupa, au jani lenyewe, umwekee mezani.