Sindano Kwenye Yai

Siku ya 18, yai la kuku wa nyama huhamishwa kutoka mashine ya kuatamia kwenda mashine ya kutotolea. Katika vituo vikubwa, hapo hapo sindano nyembamba hutoboa ganda na kumchanja kifaranga dhidi ya ugonjwa wa Marek, siku tatu kabla hajaanguliwa. Jimboni Quebec, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000, sindano hiyo ilibeba pia antibiotiki iitwayo seftiofuri. Kifaranga hakuwa mgonjwa. Aliwekewa kinga tu, bakteria wa E. coli wasije wakamshambulia kitovuni, na dawa yenyewe haikuwa na kibali cha kutumika ndani ya yai.

Seftiofuri ni ya mifugo, lakini ni ndugu wa karibu wa seftriaksoni, sindano ambayo waliowahi kuuguza mtu hospitalini Dar es Salaam au Nairobi wengi wao wanaijua kwa jina. Bakteria akishapata mbinu ya kumshinda ndugu mmoja, mara nyingi humshinda na wa pili.

Mwaka 2002 Kanada ilianzisha mpango wa kufuatilia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, CIPARS, na mwaka uliofuata mpango huo ukaingia madukani Ontario na Quebec. Wakusanya sampuli waliingia kama wateja wengine, wakalipia kuku, nyama ya kusaga na vipande vya nguruwe, wakavitia kwenye kasha la barafu hadi maabara. Huko nyama husuuzwa katika maji yenye virutubisho, na bakteria wanaopatikana hugawiwa kwenye vishimo vidogo vyenye dawa ambayo kipimo chake huongezeka hatua kwa hatua. Kishimo kikibaki na maji maangavu, dawa imeshinda. Kikifanya ukungu, bakteria anaendelea kuzaana.

Kwa nini dukani? Machinjio husimulia habari za shamba, na hospitali husimulia habari za waliokwisha kuugua. Duka liko katikati, hatua moja kabla ya jiko. Moto, ni kweli, humuua bakteria sugu sawasawa na asiye sugu. Tatizo ni ubao uliokatiwa kuku mbichi kisha ukakatiwa kachumbari.

Majibu ya Quebec yalishtua. Mwaka 2004, asilimia 62 ya bakteria wa salmonela aina ya Heidelberg waliotoka kwenye kuku wa madukani walikuwa sugu kwa seftiofuri. Kwa wagonjwa wa jimbo hilo ilikuwa asilimia 36. Mistari ya takwimu hizo mbili ilipochorwa pamoja, ilipanda kwa mwendo unaofanana mno.

Februari 2005 vituo vya kutotolesha vifaranga vya Quebec viliacha sindano hiyo kwa hiari yao. Kufikia 2006, kwenye kuku usugu ulikuwa umeporomoka hadi asilimia 7, na kwa binadamu hadi asilimia 8. Kisha, mwaka 2007, dawa ikarudishwa kwa kiasi, na usugu wa E. coli kwenye kuku, uliokuwa nao umeshuka, ukaanza kupanda tena, ingawa haukufikia kilele cha zamani.

Mwanatakwimu mkali atasema kwamba mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kuwa moja limezaa jingine. Ana haki. Ila hapa usugu ulishuka dawa ilipoondolewa, ukapanda iliporudi, na ni vigumu kuiita hiyo bahati. Hakuna mtafiti ambaye angepewa ruhusa ya kupanga jaribio la namna hiyo juu ya chakula cha mamilioni ya watu. Lilijitokeza lenyewe, na likaonekana kwa sababu tu kulikuwa na mtu aliyekuwa akinunua kuku wakati wote.

Mei 2014 wafugaji wa kuku wa Kanada waliacha kutumia kundi la dawa lenye seftiofuri kama kinga. Baadhi ya vituo viligeukia dawa nyingine, ikiwemo jentamisini. Wakusanya sampuli waliendelea kupita madukani, na baada ya muda vishimo vya jentamisini navyo vikaanza kufanya ukungu.