BARABARA KUU YA TANZAM: NANI ANAFAIDIKA NA NANI ANALIPA?



Katika parokia nyingi zilizo kati ya Ilula na Tunduma, mpango wa kujitegemea unaopendekezwa mara nyingi zaidi ni ule ule: kujenga kitu kando ya barabara kuu. Wengine wanataka vyumba vya biashara, wengine hosteli, wengine zahanati au soko la mazao. Sababu yao inaeleweka. Barabara inapita na fedha, na kila mtu angependa zibaki kidogo kijijini. Lakini barabara hii inaleta pia mambo ambayo hayaonekani kwenye mchanganuo wa mradi. Ndiyo maana katika toleo hili tumeona vema kueleza barabara hii ni nini, imetoka wapi, na kamati zetu zinapaswa kujiuliza nini kabla ya kununua tofali la kwanza.

Ilivyoanza

Barabara inayotoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya hadi mpakani Tunduma ina urefu wa zaidi ya kilomita 900. Kabla ya miaka ya 1960 sehemu kubwa ya nyanda zetu ilipitiwa na njia ya vumbi, na wakati wa masika ilikuwa tope tupu. Wakati huo Zambia ilipitisha shaba na mafuta yake kwa reli ya kusini, kupitia Rhodesia.

Mambo yalibadilika tarehe 11 Novemba 1965. Siku hiyo serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru. Zambia, iliyokuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu uliopita, ikajikuta njia yake ya baharini iko mikononi mwa utawala usioutakia mema. Ikageukia bandari ya Dar es Salaam. Malori yakaanza kupeleka mapipa ya mafuta Zambia na kurudi na shaba, juu ya barabara ambayo haikujengwa kwa uzito huo. Madereva wengi walipoteza maisha kwenye makorongo, hata njia hiyo ikapachikwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya mbio za jehanamu.

Majibu yalikuwa matatu. Kwanza ni bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lenye urefu wa kilomita 1,710, lililoanza kazi mwaka 1968. Pili ni barabara yenyewe kuwekwa lami, kazi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa fedha za Marekani, Sweden na Benki ya Dunia. Tatu ni reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa mkopo usio na riba kutoka China kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976.

Kwa hiyo tunapoitazama barabara hii tukumbuke kwamba haikujengwa kwa ajili ya kijiji chetu. Ilijengwa ili nchi jirani isinyongwe. Vijiji vilikuja barabarani baadaye.

Kwa nini malori ni mengi

Reli ya TAZARA ilikusudiwa kubeba hadi tani milioni 2 kwa mwaka. Kwa miaka mingi imebeba sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, kwa sababu ya uchakavu wa injini, mabehewa na njia, na upungufu wa fedha za uendeshaji. Mzigo uliokosa reli haukutoweka, bali ulihamia barabarani. Shaba ya Zambia na ya Katanga nchini Kongo inateremka kwa semi-trela. Mafuta, mbolea na salfa ya migodini vinapanda kwa njia hiyo hiyo. Mwezi Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya awali huko Beijing ya kuifufua reli. Reli ikipona, barabara nayo itapumua.

Uzito na lami

Wengi huuliza kwa nini lami hubonyea mistari miwili pale magurudumu yanapopita, hasa kwenye milima ambako malori hutembea polepole. Majaribio makubwa yaliyofanyika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito. Unaongezeka kwa kadiri ya uzito wa ekseli uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Maana yake ni kwamba ekseli ya tani 12 huharibu barabara zaidi ya mara mbili ya ekseli ya tani 10, ingawa ziada ni tani 2 tu. Na ekseli ya tani 10 hufanya uharibifu sawa na ekseli 160,000 za gari dogo lenye nusu tani kwa kila ekseli.

Hiyo ndiyo kazi ya mizani kama ile ya Wenda, Makambako na Uyole. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo wake. Dereva anayetoa chochote ili apite na uzito uliozidi anaiba barabara ya watu wote.

Na barabara inalipiwa na nani? Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 tunao Mfuko wa Barabara, unaopata sehemu kubwa ya mapato yake kwenye tozo ya kila lita ya petroli na dizeli. Mama anayepanda bodaboda kwenda kliniki anachangia. Mkulima anayewasha pampu ya kumwagilia nyanya anachangia. Fedha hizo hugawanywa kati ya TANROADS, iliyoanza mwaka 2000 na inayosimamia barabara kuu na za mikoa, na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa ajili ya barabara za wilaya na vijiji. Kila lami inapoharibika kabla ya wakati wake, kalvati ya kijijini inazidi kusubiri.

Mkulima na gunia lake

Hakuna anayekataa kwamba barabara imeinua kilimo. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nyanya za Ilula, mbao za Mafinga, mchele wa Mbarali, viazi vya Uyole na kahawa ya Mbozi vinafika Dar es Salaam kwa siku moja au mbili. Sehemu ya Iringa hadi Mafinga ilikarabatiwa kwa msaada wa Denmark, na ile ya Mafinga hadi Igawa, kama kilomita 138, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Jijini Mbeya kazi ya kupanua barabara kuwa njia nne ilianza katika miaka ya 2020.

Hata hivyo, lami peke yake haimpi mkulima bei. Mfano ni lumbesa, gunia linalojazwa na kuongezewa kilemba juu. Tuchukulie gunia linalohesabiwa kuwa la kilo 100 linabeba kilo 130. Mkulima akiuza magunia kumi ya namna hiyo, ametoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu. Anayefaidika ni mwenye fuso, aliyekuja akijua bei ya sokoni siku hiyo, wakati muuzaji hajui. Kwa mkulima huyo kituo cha kupimia chenye mizani halali na kikundi kinachouza kwa pamoja vina faida kubwa kuliko kibanda kingine cha soda.

Vituo vya kulala

Hili ni jambo ambalo zamani tuliliongea kwa kunong'ona. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003–04 ulionyesha kwamba maambukizi ya VVU nchini yalikuwa asilimia 7, lakini Mbeya yalikuwa asilimia 13.5 na Iringa asilimia 13.4, mikoa iliyoongoza kwa Tanzania Bara. Mkoa wa Njombe ulizaliwa kutoka Iringa mwaka 2012. Katika utafiti wa mwaka 2022–23 kiwango cha Taifa kwa watu wazima kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 4.4, lakini Njombe kilikuwa asilimia 12.7.

Si haki kuwabebesha madereva lawama yote. Mashamba makubwa ya chai, misitu na kazi za msimu navyo hutenganisha waume na wake. Tena, takwimu hizi zinahesabu watu walio hai. Dawa za kufubaza virusi, zinazotolewa bure tangu mwaka 2004, zimewawezesha wengi kuishi na kulea watoto wao. Ila ukweli mmoja unabaki: mahali lori linaposimama siku tatu, pana fedha, pana upweke, na pana binti mwenye shida. Foleni ya mpakani Tunduma ilikuwa ikichukua siku nyingi. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019, kilikusudiwa kupunguza kusubiri huko. Kupunguza siku za foleni ni kazi ya afya pia, si ya biashara peke yake.

Kwa sababu hiyo, parokia inayojenga nyumba ya wageni barabarani isijidai kwamba inajenga vyumba tu. Ijiulize ni nani watafanya kazi mle, watalipwa kiasi gani, na watarudi nyumbani saa ngapi.

Miteremko

Kitonga, katika Wilaya ya Kilolo, inajulikana na kila abiria. Lori lenye mzigo likiteremka kwa gia kubwa huku dereva akikanyaga breki muda wote, breki hupata moto na kupoteza nguvu. Njia salama ni kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka na kuiacha injini ishike gari. Miteremko ya Mbeya nayo inadai nidhamu hiyo hiyo.

Lakini hatari haipo milimani tu. Tarehe 11 Machi 2015, huko Changarawe karibu na Mafinga, basi na lori la kontena vilikutana na zaidi ya watu 40 wakafa. Sheria inataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa penye makazi, na 80 kwa mabasi na malori makubwa penginepo. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Shule, kanisa au soko likiwekwa ng'ambo ya barabara, tunawaagiza watoto na wazee wavuke, mchana na usiku, kati ya magari hayo.

Hifadhi ya barabara

Hapa ndipo parokia inaweza kupoteza mali yake yote. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zikaiongeza kuwa mita 30 kila upande. Wengi wameona alama ya X kwenye kuta. X nyekundu imewekwa kwa jengo lililo ndani ya eneo la zamani, ambalo mwenyewe hana haki ya fidia. X ya kijani ni kwa aliyekuwepo kihalali kabla ya hifadhi kuongezwa, na huyo anastahili kufidiwa eneo lake likihitajika.

Kumbukeni kwamba barabara hii inaendelea kupanuliwa. Jengo lililojengwa kwa michango ya wajane na ya wahisani wa mbali, likiwa mita 20 kutoka katikati ya lami, halitaokolewa na kibao cha kanisa.

Maswali kwa kila kamati

Kabla ya kuleta ombi la mradi wowote ulio kando ya barabara kuu, tunaomba kamati ijibu haya kwa maandishi:

1. Je, kiwanja kimepimwa kwa futi kamba kutoka katikati ya barabara, na ofisi ya TANROADS ya mkoa imethibitisha?
2. Je, parokia ina hati, au hati ya hakimiliki ya kimila, yenye jina sahihi?
3. Watumiaji watavukaje barabara? Je, mradi unaweza kuwekwa upande wanaoishi wengi?
4. Mkulima ataongeza nini kwenye kilo yake kwa sababu ya mradi huu?
5. Wasichana na akina mama watakaofanya kazi hapo watalindwaje?
6. Je, barabara ya kutoka kijijini hadi hapo inapitika masika yote?

Swali la sita ndilo linalosahauliwa sana. Mama mjamzito hafii kwenye lami. Hufia kwenye kilomita kumi za tope kabla ya kuifikia.

Kwa wahisani wetu tunasema hivi. Picha ya jengo jipya kando ya lami ni nzuri, na inaonekana na kila apitaye. Kalvati, mfereji na mizani ya kikundi cha wakulima havipigiki picha vizuri. Lakini tukiulizwa shilingi iende wapi kwanza, jibu letu ni kule juu, mahali gari halifiki. Barabara kuu ina wenyewe wengi wanaoitazama, lakini njia ya kuifikia inatutazama sisi.

Kamati zinazohitaji msaada wa kujaza maswali haya zinakaribishwa kuyaleta kwa mratibu wa maendeleo wa eneo lao kabla ya kikao cha robo ijayo.